Macho Barabarani

Aliyempa jina la Breki hakumwonea. Alikuwa mwalimu wa udereva, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwenye kiti cha abiria, mguu ukiwa juu ya breki ya pili aliyofungiwa upande wake, akisubiri kosa la mtu mwingine. Hata nyumbani, akikaa kwenye kochi kutazama taarifa ya habari, mguu wake ulikanyaga sakafu kila gari lilipokatiza kwenye televisheni. Zulia likatoboka pale pale. Mkewe akaligeuza, likatoboka tena, akaacha.

Shule yake ilikuwa chumba kimoja cha kupanga chenye benchi, ubao wa alama za barabarani na kalenda ya miaka iliyopita, aliyoipenda kwa picha yake. Lakini shule hasa ilikuwa gari. Lilikuwa moja tu, dogo, jeupe, lenye namba mbili za simu mlangoni, moja ikiwa haitumiki tena. Alilinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu wengi, naye akalipitisha mikononi mwa nusu ya mji. Madereva wa malori, walimu, wauguzi, mapadri na masheikh, wote walijifunzia humo, na wote walishawahi kufokewa humo.

Sasa, Breki alikuwa na elimu yake mwenyewe ambayo hakusomea popote. Aliamini kwamba adui mkubwa wa dereva mpya ni dashibodi. Mwanafunzi anainama kutazama spidi, anainama tena kutazama gia, akija kuinua kichwa ameshaingia mtaroni. Dawa aliyoibuni ilikuwa kitambaa cheusi kizito. Alimwomba mkewe, ambaye ni fundi cherehani, akakishona kwa pindo safi na lastiki pembeni, akakivisha juu ya mishale yote na taa zote. Spidi utaisikia kwa masikio, aliwaambia wanafunzi, na gia utaijua kwa mkono. Wewe macho barabarani. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wanafunzi wa Breki waliambiwa wasitazame, wakatii, na kusema kweli wengi walifaulu mtihani mara ya kwanza. Shule ya jirani, ile ya ng'ambo ya barabara yenye magari matatu na kiyoyozi ofisini, ilicheka kwanza kisha ikanuna. Breki alivimba kichwa. Kila mgeni aliyekaa kwenye benchi lile alisimuliwa habari ya kitambaa kabla hajaulizwa anataka nini.

Mtu mmoja tu mjini aliyemwomba amfundishe na akamkatalia alikuwa mkewe. Sisemi alimkatalia wazi. Angekataa wazi lingekwisha. Alimwambia kesho. Mwanamke yule alishona mapazia ya maofisi na ya nyumba za watu, akakodi gari kila alipopeleka kazi, akapanga mabunda ya vitambaa kwenye buti za watu wasiomjali, huku gari la mumewe likizunguka mji limebeba wageni wanaojifunza kurudi nyuma. Akiuliza, anaambiwa kinyozi hajinyoi. Akiuliza tena, anaambiwa kufundisha mke ni kuitafuta talaka kwa tochi. Siku moja aliacha kuuliza, akavaa viatu vya chini, akatoka nje na kukaa kwenye kiti cha dereva. Breki akakosa pa kukimbilia.

Masomo mawili ya kwanza yalikwenda vizuri kuliko alivyotaka yaende. Mke alikuwa na mkono mtulivu wa mtu aliyezoea kuongoza kitambaa chini ya sindano. Somo la tatu alimpandisha mlima wa kwenda hospitali, ule mrefu unaopinda, jua likiwa kali na foleni ikitambaa. Walipofika nusu, mke akasema kuna mwanga mwekundu unatokea pembeni ya kitambaa. Breki akamwambia macho barabarani, mama. Wakapanda tena kidogo. Mke akasema mwanga bado upo, na unawaka sana. Breki akauliza hapa mwalimu ni nani. Basi yule mama akakaza macho barabarani kama alivyoagizwa, akapanda mlima wote, na juu kabisa, mbele ya geti la hospitali, mvuke ukafumuka kwenye boneti, gari likakohoa, likazima.

Watu walijaa haraka, maana gari bovu halikosi wataalamu. Shemeji yake akaja na kamba ya kuvutia. Huyu shemeji, mdogo wa mke, ndiye fundi wa gari lile tangu linunuliwe. Mtaa wote ulimwita Spana. Akafungua boneti, akarudi nyuma kwa joto, akauliza limekuwaje. Breki akacheka kidogo, akasema muulize dada yako.

Ilikuwa mzaha wa mashemeji, mtu na shemeji yake hawakosi la kuchokozana. Spana akacheka, watu wakacheka, muuza machungwa mmoja akasema wanawake na magari jamani. Mke hakucheka. Alimtazama mumewe, akasubiri amalizie. Breki alijua anasubiri nini. Sentensi moja tu ilitosha, na alikuwa nayo mdomoni. Akaimeza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kuliko hata kwenye injini. Siku ile neno moja lingetosha. Kesho yake yangehitajika maneno mawili matatu na kicheko. Baada ya wiki ingebidi kuitisha kikao. Uongo mwingine mtu hautungi. Anauacha tu upite, nao unajijengea nyumba. Mtaani ikajulikana kwamba mke wa Breki ameunguza gari la shule, na Breki, akiulizwa, alitikisa kichwa kwa huruma na kusema ndiyo kujifunza.

Spana alianza matibabu. Kwa kuwa aliambiwa gari lilishtuka tu mikononi mwa mwanafunzi, akaona ni jambo dogo, akabadilisha kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji. Gari likatembea hadi kona ya pili, likachemka. Akasema basi ni rejeta imeziba. Ikafunguliwa, ikaoshwa, ikarudishwa, likachemka. Akasema pampu ya maji, naapa safari hii ni pampu. Breki alikuwa akishinda pale gereji amekaa juu ya tairi, anapandwa na hasira, anashuka nazo, anauliza shemeji wewe ni fundi au ni mganga wa kubahatisha. Spana anamjibu shemeji, gari kama mgonjwa, na wewe hunipi historia ya ugonjwa. Breki anatazama pembeni.

Hatimaye injini ikafunguliwa. Kichwa chake kilikuwa kimepinda kwa moto, gasketi imeungua, na ndani kulikuwa na mikwaruzo ambayo Spana aliipapasa kwa kidole. Kisha akasema njia ni mbili: kuunda injini upya, kazi ndefu na ya gharama, au kuliuza lilivyo kwa mtu mwenye subira.

Kuanzia hapo Breki akawa hana msimamo wowote. Asubuhi anatengeneza, jioni anauza. Akikutana na muuza vipuri anaambiwa chuma cha zamani hakina mfano, tengeneza. Akikutana na dalali anaambiwa gari bovu ni kidonda, kila siku unakitia dawa na kila siku kinanuka, uza. Kinyozi wake akamshauri, dereva wa lori la taka akamshauri, na mzee mmoja ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli akamshauri kwa kirefu kuliko wote. Breki aliwasikiliza, akawakubalia wote, akarudi nyumbani na kichwa kinauma.

Wanafunzi nao walikuja, maana walikuwa wameshalipia. Akawafundisha kwenye benchi. Aliwapa sinia washike badala ya usukani, akakaa kando yao, akawaambia sasa tunakata kushoto, tazama kioo. Wapita njia walisimama mlangoni kutazama mtu mzima anakata kona na sinia. Mwanafunzi mmoja akaja na sinia lake kutoka nyumbani, hakujulikana kama anatania au la. Wiki ya pili walibaki watatu. Wiki ya tatu Breki aliwaona wawili kati yao ng'ambo ya barabara, wanafunga mkanda kwenye gari jipya la jirani. Alirudi ndani akafunga mlango na kukaa peke yake chini ya ubao wake. Roho ilimuuma sana, na hakuwa na wa kumlaumu ila mkewe, ambaye alikwisha kumlaumu.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi, na ndilo lililomchosha. Angepigiwa kelele angejibu. Mkewe alipika, akafua, akashona, akauliza chumvi imetosha, wala hakutaja mlima wala taa. Habari za mtaani zilimfikia. Wateja wake walimtania usoni, eti mapazia unayaweza, usukani umekushinda. Aliwapimia madirisha yao, akaandika vipimo, akaondoka. Breki alijiambia kwamba kama jambo lingekuwa zito angelisema mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mtu akijidanganya mwenyewe anaweza kwenda nayo mbali.

Jumapili moja mchana, mke aliweka mkasi chini. Alikuwa na akiba ya kununua cherehani kubwa ya kushonea vitambaa vizito, aliyoiweka kidogo kidogo kwa muda mrefu, na mumewe aliijua.

"Kama ni kutengeneza," alisema, "hela ya cherehani ipo, ichukue. Lakini kwanza nataka uniambie gari hili liliharibikaje."

Breki alielewa vizuri sana. Akasema si unajua, mama, ni gasketi.

Mke akamtazama kidogo, kisha akachukua mkasi wake. Mashine ikaanza kulia tena.

Basi hesabu ikawa imenyooka, na Breki si mjinga, aliiona. Akitengeneza, itabidi aseme. Aseme kwamba yeye, aliyefundisha nusu ya mji kutazama, ndiye aliyefunika taa ya hatari kwa kitambaa, akaambiwa mara mbili na mwanafunzi wa siku tatu, akamnyamazisha. Akiuza, gari litaondoka na siri yake. Toka siku hiyo akaanza kusema kuuza ndiyo busara. Alizungumza habari za magari mapya, matumizi madogo ya mafuta, mwanzo mpya. Alisema atakwenda kuomba kazi hata kule ng'ambo ya barabara, kazi ni kazi, kiburi si maungwana. Ukimsikia ungedhani ni mnyenyekevu.

Mnunuzi akapatikana. Alikuwa mfanyabiashara wa mayai, mnene, mcheshi, aliyejifunzia gari hilo hilo zamani na kulipenda. Alitaka kuling'oa breki ya pili, kulitengeneza taratibu, na kulipakia trei zake. Wakakubaliana kukutana gereji asubuhi. Mke naye ilibidi aje, kwa sababu gari liliandikishwa kwa majina yao wote wawili na bila saini yake haliuziki. Alikuja na futi ya kupimia shingoni, akitoka kwa mteja, akasimama kando ya meza ya fundi.

Bwana Mayai alizunguka gari, akapiga tairi teke, akafungua mlango na kuugusa usukani kwa heshima. Alikiona kitambaa cheusi bado kimevaa dashibodi, akafurahi, akasema mwalimu, kitambaa chako hiki kimenipa leseni. Kisha akauliza swali ambalo mtu mwenye akili huuliza.

"Lilichemka kwa muda gani kabla halijazimwa?"

"Kidogo tu," Breki alisema. "Mwanafunzi alishtuka, likazima."

Bwana Mayai akamgeukia mke na kucheka kwa wema wote. "Shemeji, kumbe ndiyo wewe. Mimi nimefundishwa humu humu na sikuunguza hata balbu."

Spana akacheka pia, kwa mazoea; mwezi mzima alikuwa akimcheka dada yake. Mke akavuta karatasi ya mauzo, akaiweka sawa juu ya meza yenye mafuta, akachukua kalamu. Breki alimwona anainama. Alikuwa anakwenda kusaini, bila neno, kama mtu anayelipia chakula alichokula mwingine, na baada ya saini ile hakungekuwa na pa kuanzia tena. Hatamuuliza mara ya pili. Breki alilijua hilo kwa ghafla na kwa uhakika, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa kwenye kiti cha abiria.

"Usisaini kwanza," alisema.

Mke akasimama na kalamu. Breki alitazama injini iliyofunguliwa, kwa sababu kuwatazama watu hakuweza.

"Aliiona taa. Aliniambia, tena mara mbili. Nusu ya mlima bado ilikuwa mbele yetu. Mimi nikamwambia atazame barabara. Gari nimeliunguza mimi."

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Bwana Mayai, na wala hakuwa na ubaya. Alikuwa anapiga hesabu zake za kibiashara. Aliuliza mlima wote, Breki akasema wote. Akauliza hadi kwenye geti, Breki akasema hadi kwenye geti. Bwana Mayai akafunga mlango wa gari polepole, akasema mwalimu wangu nakuheshimu, lakini iliyopanda mlima ule ikiwa inaungua si injini tena, ni mkaa. Akampa mkono, akampa mke mkono na kumwomba radhi, akaenda zake.

Spana aliirusha spana aliyokuwa ameishika, ikagonga pipa. Huyu hakuomba radhi.

"Shemeji, mwezi mzima. Nimebadilisha kidude, nimeosha rejeta, nimenunua pampu. Ungeniambia siku ile ningefungua injini siku ile. Na umeniacha nimcheke dada yangu mbele za watu."

Breki akasema ni kweli. Akasema tena ni kweli, maana hakuwa na kingine. Hasira ya shemeji yake ilikuwa haki na aliipokea akiwa amesimama wima. Akageuka kwa mkewe, na hapa, niseme ukweli, alitegemea kitu. Alikuwa amepoteza mnunuzi, amejivua nguo mbele ya fundi na vibarua wake, na kufikia jioni mtaa mzima ungejua. Mtu akilipa hivyo anangoja chenji.

Mke alirudisha kalamu mezani.

"Kumbe linasemeka," alisema.

Kisha akamwambia mdogo wake aanze kuunda injini, hela ataileta mwenyewe mchana, na asiache kitu cha kurudiwa. Alisema alishatoa neno lake Jumapili na halibadilishi. Cherehani itasubiri. Aliyasema haya kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza uzi.

Breki akashusha pumzi. Moyo ulimrukia hadi akasahau walipo, akamsogelea na kuanza kuahidi. Gari likipona tu, mwanafunzi wa kwanza ni yeye. Hakuna tena habari ya kesho. Kitambaa atakitupa. Wataanza pale pale walipoishia, mlima ule ule, na safari hii yeye Breki atafunga mdomo wake.

"Kujifunza nitajifunza," mkewe alisema. "Nimeshajiandikisha ng'ambo ya barabara. Naanza Jumatatu."

Breki alidhani hakusikia vizuri. Akatazama huku na huku, Spana akajifanya anatafuta ile spana yake nyuma ya pipa.

"Kule?" alisema. "Mama, kila mtu kule ananijua. Mke wa Breki afundishwe na wale? Watu watauliza kwa nini."

Mke alikuwa ameshaikunja futi yake na kuitia mfukoni.

"Watakuuliza wewe," alisema. "Uwaambie."